Matundu madogo, maumivu makubwa: Mgonjwa wa mapafu anaporudi nyumbani

Sumbawanga. Chukulia familia moja ya Msanzi, wilayani Kalambo. Baba amerudi jana jioni kutoka kwenye upasuaji wa mapafu. Watoto wamechungulia chini ya shati lake na kuona plasta tatu tu ubavuni, ndogo kiasi kwamba yule wa mwisho ameuliza kama hiyo ndiyo operesheni yenyewe. Bibi amemshukuru Mungu. Majirani waliokuja kumpa pole wameondoka wakiambiana kwamba mgonjwa mbona ni mzima kabisa.

Saa nane usiku baba ameketi kitandani, mkono ameubana ubavuni, anapumua juujuu kama mtu aliyetoka kukimbia. Kikohozi kinamjia, anakizuia. Mama anawasha tochi ya simu na kumwambia, "Baba watoto, kunywa basi dawa." Anajibu kwamba alikunywa asubuhi, na kwamba mwanamume mzima halii kwa vidonda vya ukubwa wa kucha.

Kikohozi kile alichokizuia ndicho kinachowasumbua zaidi madaktari. Mtu aliyepasuliwa mapafu akiogopa kuvuta pumzi ndefu na akiogopa kukohoa, makohozi yanabaki ndani, sehemu za chini za mapafu zinasinyaa kwa kukosa hewa, na nimonia inapata mahali pa kuanzia. Kwa hiyo dawa ya maumivu baada ya upasuaji huu haitolewi ili mgonjwa astarehe tu. Inatolewa ili aweze kupumua, kukohoa na kutembea.

Kwa mkazi wa Rukwa, suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya umbali. Mwenye tatizo linalohitaji upasuaji wa mapafu kwa kawaida hupewa rufaa, akipitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au kwenda moja kwa moja Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) na Hospitali ya Taifa Muhimbili ziko katika eneo moja la Upanga. Kutoka Sumbawanga hadi Mbeya kwa njia ya Tunduma ni zaidi ya kilomita 300. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya 1,100. Akisharuhusiwa na kufika nyumbani, hawezi tena kumwita muuguzi wa wodi saa nane za usiku. Mwenye kazi hiyo sasa ni mke, mume au binti mkubwa.

Kwa nini tundu dogo liume hivyo

Upasuaji wa kutumia kamera si jambo la jana. Mwaka 1910 daktari wa Sweden, Hans Christian Jacobaeus, alieleza jinsi alivyoingiza kifaa chenye mwanga kifuani mwa wagonjwa na kutazama ndani, na baadaye njia hiyo ikatumika sana kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Kamera za video zilipoanza kutumika katika upasuaji wa kifua, mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari waliweza kukata kipande cha pafu, kuchukua kinyama cha vipimo au kusafisha usaha kwa kupitia tundu moja hadi manne, bila kulipanua pengo kati ya mbavu kwa chuma kama ilivyokuwa zamani.

Faida yake ni ya kweli. Mgonjwa hulala wodini siku chache zaidi, huanza kutembea mapema, na kwa jumla huumwa kidogo kuliko yule aliyefunguliwa kifua. Lakini kuumwa kidogo kuliko mwenzako si kutoumwa.

Chini ya ukingo wa kila ubavu hupita mshipa wa fahamu. Kifaa cha daktari kinapopenya kati ya mbavu mbili na kugeuzwa huku na huku kwa saa moja au zaidi, mshipa huo hubanwa na kuchubuliwa. Ngozi iliyokatwa ni sentimita chache, ila mshipa uliochokozwa unazunguka nusu ya kifua kutoka mgongoni hadi mbele. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuonyesha maumivu chini ya titi au kwenye tumbo la juu, mahali ambapo hakuna kidonda chochote.

Kisha kuna mpira. Baada ya upasuaji karibu wote hutoka chumbani wakiwa na mpira mmoja au zaidi uliopenyezwa kifuani kutoa hewa, damu na maji, ukiishia kwenye chupa chini ya kitanda. Mpira huo unagusa utando unaofunika mbavu kwa ndani, na utando huo una hisia kali. Wagonjwa wengi husema maumivu yao yalipungua siku ileile mpira ulipotolewa. Hili wanaweza kulishuhudia hata waliowekewa mpira tu kwa sababu ya maji au usaha kifuani bila upasuaji wowote, na karibu yote yanayosemwa hapa yanawahusu na wao.

Tena kifua hakipumziki. Mguu uliovunjika hufungwa plasta ngumu ukatulia. Kifua hakifungiki. Mtu anayepumua mara 15 kwa dakika huzichezesha mbavu zake zaidi ya mara 21,000 kwa siku, usingizini na macho, na kila pumzi inagusa kidonda.

Lipo pia ajabu la bega. Mgonjwa amepasuliwa ubavuni, yeye analalamikia bega la upande uleule. Ndugu huanza kuwaza kwamba alilazwa vibaya mezani, au wanaingia hofu ya moyo. Mara nyingi chanzo ni mshipa wa fahamu unaohudumia kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu. Mshipa huo huanzia shingoni jirani na mishipa ya bega, hivyo ubongo unachanganya anwani. Maumivu hayo huisha yenyewe ndani ya siku chache na parasetamoli huyasaidia. Muuguzi aambiwe hata hivyo, maana kazi ya kuyatofautisha na maumivu ya moyo ni yake na daktari.

Dawa moja haitoshi

Zamani mgonjwa alichomwa sindano moja kali, akalala, akaamka na maumivu, akachomwa tena. Siku hizi wataalamu huchanganya dawa kadhaa zinazofanya kazi kwa njia tofauti, kila moja kwa kiasi kisichozidi. Mwaka 2022 kundi la kimataifa la wataalamu wa maumivu liitwalo PROSPECT lilitoa mapendekezo kuhusu upasuaji huu hasa wa kifua kwa kamera: parasetamoli pamoja na dawa ya kundi la diklofenaki au ibuprofeni, ganzi ya kuzuia mishipa ya kifua, na dawa za jamii ya mofini zibaki za kuokolea pale mengine yanaposhindwa.

Katika orodha hiyo, ganzi ndiyo inayosahaulika na familia kwa sababu hutolewa mgonjwa akiwa usingizini. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akachomwa sindano ya mgongo anaijua jamii hiyo ya dawa. Kinachobadilika ni mahali. Badala ya kuchomwa katikati ya uti wa mgongo na kufa ganzi miguu yote miwili, mgonjwa wa kifua huchomwa pembeni ya uti, mahali mishipa ya mbavu inapochomoza, upande mmoja tu. Miguu inabaki na nguvu zake. Njia nyingine, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016, ni kuiweka dawa chini ya misuli ya mgongo kwa kuongozwa na mashine ya ultrasaundi, mashine ya aina ileile inayopima ujauzito. Na pasipo na mashine wala mtaalamu wa sindano hizo, daktari mpasuaji mwenyewe anaweza kuchoma ganzi kando ya mbavu huku akiona kwa kamera, kabla hajashona.

Kinachotakiwa kujulikana nyumbani ni kwamba ganzi ya sindano moja huisha. Hukaa saa kadhaa, pengine hadi siku moja, kisha maumivu huja kwa mkupuo, mara nyingi usiku. Mgonjwa aliyekuwa anacheka na wageni saa kumi jioni anaweza kuwa anaugulia saa saba usiku, na si kwamba kuna kitu kimeharibika. Baadhi ya hospitali huacha mrija mwembamba mgongoni ili dawa iendelee kuingia kwa siku mbili tatu. Swali la kumuuliza mtaalamu wa usingizi kabla ya upasuaji ni moja: atapewa ganzi ya kifua, na ikiisha atapewa nini? Familia ina haki ya kuuliza, na kuuliza si kumfundisha daktari kazi.

Parasetamoli kwa saa, si kwa kilio

Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol hata kama pakiti ina jina jingine, hudharauliwa kwa sababu inauzwa kila duka la dawa. Inadharauliwa bure. Ikinywewa kwa saa zake hupunguza kiasi cha dawa kali kinachohitajika. Tatizo ni namna inavyonywewa: mgonjwa husubiri aumwe hadi asiweze kusema, ndipo anameza viwili, na maumivu yakiwa yameshapanda hivyo vidonge viwili havionekani kufanya kitu.

Kwa mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi na ini lisilo na tatizo, kiwango cha kawaida ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku nzima. Kwa saa zetu za Kiswahili kumbukumbu ni rahisi: kumi na mbili asubuhi, sita mchana, kumi na mbili jioni, sita usiku. Baba wa Msanzi aliyekunywa asubuhi tu alikuwa amekosa dozi tatu. Kwa mwenye uzito mdogo, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe, daktari hushusha kiasi. Anayemeza dawa za kifua kikuu naye aseme, kwa kuwa baadhi yake hugusa ini.

Kuna mtego hapa ambao huwanasa hata waangalifu. Maduka ya dawa huuza vidonge vya mchanganyiko vyenye diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja, na dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Mgonjwa akimeza hivyo, halafu akaongeza vidonge viwili vya kawaida, ameshazidisha bila kujua. Parasetamoli iliyozidi haimlewesha mtu wala kumtapisha papo hapo. Inaharibu ini kimyakimya na dalili zinakuja siku moja au mbili baadaye. Soma maandishi madogo ya pakiti, au mwambie muuzaji akusomee.

Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu nzuri kwa maumivu ya mbavu, ila si za kila mtu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, moyo au shinikizo la damu, mwenye pumu inayoamshwa na dawa hizo, mzee, na aliyepungukiwa maji mwilini hatakiwi kujinunulia. Anayeruhusiwa anywe baada ya chakula, walau kikombe cha uji, na asichanganye mbili za kundi hilo kwa pamoja. Sindano ya diklofenaki inayochomwa kwa jirani mwenye duka, juu ya vidonge alivyopewa hospitali, ni kuchanganya vilevile.

Hofu ya mofini

Neno mofini likitajwa wodini, ndugu hutazamana. Wengine hudhani wameambiwa kwa lugha ya kificho kwamba mgonjwa wao anakufa. Hofu hiyo ina sababu: katika ukanda huu dawa hii imejulikana kupitia wagonjwa wa saratani. Uganda ilitangulia. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya maji ya kunywa ikaanza kutolewa majumbani, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa kitovu cha huduma ya namna hiyo. Watu waliomwona mzazi au shangazi akinywa mofini mwishoni mwa maisha yake, basi wanaiunganisha na mwisho.

Kwa aliyepasuliwa kifua matumizi ni mengine. Anapewa kidogo, kwa siku chache za kwanza, pale parasetamoli na ganzi hazikutosha, akiwa chini ya macho ya wauguzi. Uraibu haumwingii mtu kwa dozi chache zinazosimamiwa hivyo. Madhara ambayo familia itayaona kweli ni choo kigumu, kichefuchefu, kuwashwa na usingizi. Choo kigumu ni jambo la kuchukulia hatua tangu siku ya kwanza, kwa maji, mboga, matunda na dawa ya kulainisha ikiwa imeandikwa, kwa sababu kujikamua na kifua kilichoshonwa ni adhabu.

Hatari kubwa ni pumzi kupungua. Mgonjwa anayesinzia katikati ya sentensi, ambaye ni vigumu kumwamsha, anayepumua polepole mno au kukoroma kwa namna isiyo yake, asiongezewe dozi hata akilalamika, apelekwe kituo cha afya mara moja. Dawa za kundi hili hazichanganywi na pombe wala vidonge vya usingizi. Tramado, ambayo hutolewa zaidi ya mofini katika hospitali nyingi, imo katika kundi hilihili, na kwa kuwa vijana wameizoea kama kilevi, vidonge vilivyobaki juu ya kabati ni mwaliko. Vihesabiwe, vifungiwe, vikibaki virudishwe kwa mfamasia. Asipewe shemeji anayeumwa mgongo.

Mama anayenyonyesha ana swali lake. Kodeini na tramado hupita kwenye maziwa, na kuna akina mama ambao miili yao huigeuza kodeini kuwa mofini haraka kuliko kawaida, hivyo mtoto anaweza kulewa dawa na kushindwa kupumua. Tafiti zimeonyesha kwamba watu wa aina hiyo ni wengi sana Ethiopia, na wapo katika kila taifa. Hakuna awezaye kujitambua kwa kujitazama. Parasetamoli na ibuprofeni hukubalika wakati wa kunyonyesha, na mama aseme ananyonyesha hata kama hakuulizwa.

Mgonjwa akiwa mtoto

Watoto nao hupasuliwa kifua au kuwekewa mpira, mara nyingi baada ya nimonia kuacha usaha. Hapa wazazi hufanya kosa la pili: kuamini kwamba mtoto asiyelia haumwi. Mtoto mwenye maumivu ya kifua mara nyingi hawezi kulia, kwa sababu kulia kunahitaji pumzi. Ananyamaza. Anajikunja upande mmoja, hataki kubebwa kwapani, hagusi kitu cha kuchezea, pua zinatanuka, anapumua kwa vipande vidogovidogo. Mtoto wa kuanzia miaka mitatu au minne anaweza kuonyeshwa michoro ya nyuso, kutoka inayocheka hadi inayolia, akachagua ya kwake. Mzazi anaweza kuichora mwenyewe nyuma ya daftari.

Dozi ya mtoto ni ya uzito wake, si ya umri wala ya kukadiria kwa kukata kidonge. Parasetamoli huhesabiwa hadi miligramu 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 12 anapata miligramu 180. Kama chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 7.5. Zipo chupa zenye nguvu mara mbili ya hiyo na sanduku linafanana, kwa hiyo namba ya kwenye chupa isomwe kila inaponunuliwa mpya. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumba moja havilingani na vya nyumba nyingine.

Aspirini asipewe mtoto. Kodeini na tramado hazitolewi kwa aliye chini ya miaka 12. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka katazo hilo mwaka 2017 baada ya vifo vya watoto vilivyotokana na pumzi kukatika. Mofini, ikihitajika, hupewa hospitalini kwa vipimo vya mtoto, na kwa kweli ni salama zaidi mikononi mwa muuguzi kuliko kodeini ya dukani.

Mto, hewa na ubaridi wa Ufipa

Kuna msaada ambao haununuliwi. Mgonjwa anayetaka kukohoa aketi wima, akumbatie mto au blanketi lililokunjwa juu ya upande wenye kidonda, alibane kwa mikono yote miwili, kisha akohoe. Kitenge kilichoviringwa kinafaa vilevile. Mbavu hazichezi ovyo, makohozi yanatoka. Mara kadhaa kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu, aishike kidogo, aitoe taratibu. Wakati mzuri wa mazoezi hayo ni nusu saa hadi saa moja baada ya kumeza dawa, inapokuwa imeshika. Kutembea hadi uani na kurudi ni tiba pia, na husaidia damu isigande miguuni.

Tambarare ya Ufipa iko juu, Sumbawanga ikiwa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake inaijua kila familia. Desturi ni kumsogeza mgonjwa karibu na moto. Kwa huyu, jiko la kuni lenye moshi ni adui. Moshi unamkohoza, na kila kikohozi ni kisu. Apewe blanketi, soksi na chumba kisicho na moshi. Wavuta sigara watoke nje, na si kusimama mlangoni. Chupa ya maji ya moto isiwekwe pale ngozi ilipokufa ganzi, kwani ataungua bila kuhisi. Majani, mafuta ya kuchulia na dawa za kienyeji visiguse vidonda. Bega linaweza kusuguliwa taratibu.

Safari yenyewe ipangwe kama sehemu ya matibabu. Dozi imezwe kabla ya basi kuondoka, za njiani ziwe mkobani na si kwenye buti la gari. Kitambaa kilichokunjwa kiwekwe kati ya mkanda wa kiti na kidonda. Ashuke atembee kidogo kila basi linaposimama, na anywe maji hata kama anaogopa kutafuta choo. Anayetaka kusafiri kwa ndege asikate tiketi kabla ya daktari kuthibitisha kwa picha kwamba hewa haikubaki kifuani, kwani hewa hiyo hutanuka angani.

Kabla ya kutoka wodini, karatasi ya kuruhusiwa isomwe pale pale, si nyumbani. Iwe na majina ya dawa, saa za kila moja, siku ya kuacha, na namba ya simu ya wodi. Mwenye bima aulize dawa zipi atazipata kituo cha karibu na kwao na zipi anunue kabisa huko mjini. Nakala moja ipelekwe zahanati ya kijiji siku ya kwanza, kabla ya kuwa na tatizo.

Maumivu yanayopungua siku hadi siku ni ya kawaida hata yakichukua wiki kadhaa. Yanayoongezeka si ya kawaida. Pumzi kukatika ghafla, homa, usaha au harufu kwenye kidonda, damu kwenye makohozi, ngozi ya kifua au shingo kuvimba na kutoa mlio kama mchanga ukiiminya, au mguu mmoja kuvimba na kuuma: hayo yote ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Wapo ambao vidonda vinapona na maumivu yanabadilika sura. Ngozi inawaka moto au kuchomachoma, shati tu likigusa inauma, titi linakuwa kama si la mwenyewe. Huo ni mshipa wa fahamu uliojeruhiwa, na parasetamoli haiuwezi vizuri. Zipo dawa zake, kama amitriptilini kwa kiasi kidogo usiku, au gabapentini. Amitriptilini inajulikana kama dawa ya sonona, na mgonjwa akisoma hivyo mtandaoni hudhani daktari amemwona mwendawazimu. Hajamwona hivyo, dawa hiyo hutuliza mishipa. Maumivu yakivuka miezi mitatu yarudishwe kwa daktari, yasifanywe kuwa sehemu ya maisha.

Uzi uliofunga tundu la mpira hubaki hadi tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi, mara nyingi wiki moja hadi mbili, na si lazima kurudi Mbeya kwa ajili yake ikiwa daktari amekubali. Muuguzi wa zahanati anaweza kuukata. Mgonjwa ameze parasetamoli yake saa moja kabla, na aende na mto wake.